Mwenye Nyumba na Dhambi ya Mgeni Wake

Somo juu ya amri ya sita na amri ya tisa

Katika mafundisho ya amri za Mungu, mara nyingi mkatekumeni humwuliza mwalimu wake swali hili: "Kama mtu mwingine ametenda dhambi kwa mapenzi yake mwenyewe, nami sikumlazimisha, je, dhambi yake inanihusu?" Wengi hujibu upesi kwamba haiwahusu, maana kila mtu atatoa hesabu ya matendo yake mwenyewe. Neno hilo lina kweli ndani yake, walakini si kweli yote.

Katika nchi za Marekani na Ulaya, swali hilo limejadiliwa kwa miaka mingi kwa sababu ya jambo moja. Hoteli kubwa, zenye majina yanayojulikana ulimwenguni pote, zilikuwa zikiwauzia wageni wao sinema za uasherati ndani ya vyumba vya kulala. Wengine walisema ni biashara kama biashara nyingine. Wengine walisema ni aibu kwa nyumba na kwa mwenye nyumba. Labda mkatekumeni wa kijijini hatalala kamwe katika hoteli ya namna hiyo. Lakini ayafuate mabishano yale kwa uangalifu, maana mwisho wa somo ataona kwamba jambo hili haliko mbali na mlango wake.

1. Mgeni yu mikononi mwa mwenyeji

Tangu zamani watu wamejua kwamba kumpokea mgeni ni kazi ya heshima. Abrahamu alikuwa ameketi mlangoni pa hema yake wakati wa jua kali, akawaona watu watatu, akapiga mbio kuwalaki. Aliwaletea maji ya kunawa miguu, akawaandalia mkate na nyama ya ndama, akasimama karibu nao chini ya mti walipokuwa wakila. Wazee nao husema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kwa nini mgeni aheshimiwe hivyo? Kwa sababu yeye ni mtu asiye na nguvu mahali alipo. Ametoka mbali, amechoka, hana ndugu karibu naye. Mke wake hayupo, watoto wake hawapo, jirani hawamjui. Nyumbani kwake macho ya watu wanaompenda humlinda, hata asipofahamu. Ugenini ulinzi huo umeondoka. Kwa hiyo mwenyeji mwema hampi mgeni chakula na kitanda tu. Humlinda pia, ili arudi kwao mzima kama alivyotoka.

Hoteli ni nyumba ya wageni inayolipwa. Si vibaya kulipwa, maana mtenda kazi anastahili ujira wake. Lakini fedha hazibadili maana ya ukarimu. Aliyelipa ni mgeni bado, na aliyelipwa ni mwenyeji bado. Jambo hilo likumbukwe katika yote yatakayofuata.

2. Biashara ile ilivyokuwa

Tangu miaka ya 1970, hoteli za Marekani zilianza kuwawekea wageni sinema za kulipia katika televisheni ya chumbani. Mgeni hakutoka kitandani. Alibonyeza kidude, akachagua filamu, na mashine zilizowekwa mahali pamoja katika hoteli zikaipeleka filamu hiyo kwa waya mpaka chumbani kwake. Bei yake iliongezwa katika hesabu ya chumba, naye aliilipa siku ya kuondoka.

Filamu nyingine zilikuwa njema au za kuchekesha tu, lakini nyingine zilikuwa za uasherati. Na kwa sababu watu wanaona haya, wauzaji walijua dawa ya haya: waliandika katika televisheni kwamba jina la filamu halitaonekana katika hati ya malipo. Hivyo mtu aliweza kurudi na hati ile kwa mkewe, au kwa mkubwa wa kazi yake, pasipo mtu kujua alilotazama.

Hoteli nyingi hazikuendesha mashine hizo zenyewe. Ziliagana na kampuni za kazi hiyo. Mojawapo ni LodgeNet, iliyoanzishwa mwaka 1980 katika mji wa Sioux Falls, jimbo la South Dakota. Nyingine ni On Command, ambayo LodgeNet iliinunua mwaka 2007. Kampuni ilileta vyombo na filamu, hoteli ilitoa vyumba na wageni, na fedha wakagawana. Mwenye hoteli hakutengeneza filamu hata moja. Alifungua mlango tu, akapokea sehemu yake.

3. Maneno ya waliotetea

Ni haki kuyasikiliza maneno ya upande wa pili kabla ya kuyajibu. Waliotetea biashara ile hawakuwa wajinga. Walileta sababu nne.

Kwanza walisema: mgeni ni mtu mzima, na chumba alicholipia ni kama nyumba yake. Afanyayo humo ni siri yake. Walitaja hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 1969, katika kesi ya Stanley na jimbo la Georgia, iliyosema kwamba serikali haiwezi kumwadhibu mtu kwa sababu tu ameweka nyumbani kwake mambo ya uchafu.

Pili: hakuna aliyelazimishwa. Asiyetaka asibonyeze.

Tatu: wageni wenyewe waliziomba filamu hizo kwa kuzinunua. Hoteli isiyoziweka itawapoteza wageni, nao watakwenda kwa jirani.

Nne: nani amemfanya mwenye hoteli kuwa mwamuzi wa roho za watu? Leo ataondoa filamu hii, kesho ataondoa kitabu kile, na mwisho wake hautaonekana.

Palitokea pia jambo moja mwaka 2000 lililowapa nguvu. Katika mji wa Provo, jimbo la Utah, ambako watu wengi ni Wamormoni na husifiwa kwa maisha ya adabu, mwenye duka dogo la kukodisha filamu alishtakiwa kwa sababu dukani mwake mlikuwa na filamu za uasherati. Kwa sheria ya Marekani, tangu hukumu ya Miller na jimbo la California ya mwaka 1973, uchafu hupimwa, pamoja na mambo mengine, kwa desturi ya watu wa mahali pale: je, wao huuonaje? Basi wakili wa mwenye duka alikwenda kuchunguza desturi hiyo. Akaonyesha kwamba filamu za namna ile ile ziliuzwa katika vyumba vya hoteli kubwa karibu na mahakama, na kwamba wenyeji wengi wa wilaya walizinunua kwa televisheni majumbani mwao. Wazee wa baraza walimwachilia mwenye duka.

Kisa hicho kina mafundisho mawili. La kwanza ni juu ya haki. Mwenye duka dogo alipelekwa mahakamani, na hoteli kubwa iliyouza kitu kile kile iliheshimiwa na wote. La pili ni juu ya sheria za wanadamu. Sheria inayopimwa kwa desturi hushuka pamoja na desturi. Watu wakitenda uovu kwa siri, wote pamoja, sheria yao haina tena neno la kuwaambia. Amri ya Mungu haipimwi hivyo. Haikungoja kuona watu wangapi wanaishika ndipo iwe amri.

4. Kushiriki katika dhambi ya mwingine

Sasa swali la kwanza lijibiwe. Kanisa hufundisha kwamba dhambi ni tendo la mtu mwenyewe. Lakini hufundisha pia kwamba mtu aweza kushiriki katika dhambi ya mwenzake, hata mkono wake usipolitenda tendo lile. Walimu wa katekisimu wamehesabu njia tisa za kushiriki: kushauri, kuamuru, kukubali, kuchochea, kusifu, kuficha, kushiriki katika faida au tendo, kunyamaza pale mtu anapopaswa kusema, na kutetea uovu uliokwisha kutendwa.

Njia hizo zilinganishwe na biashara ya hoteli.

Mgeni akiwasha televisheni usiku, orodha ya filamu inamtokea na maneno ya kumvuta. Hiyo ni kuchochea. Huyo mgeni aliingia chumbani ili alale, wala hakuwa akitafuta uovu; uovu ulimtangulia chumbani, ukamngoja.

Jina la filamu halionekani katika hati. Hiyo ni kuficha. Mtu afichaye kwa ajili ya mwingine amekiri kwamba anajua jambo lenyewe ni la aibu. Hakuna hoteli iliyoahidi kuficha jina la chakula alichokula mgeni.

Fedha zinagawanywa. Hiyo ni kushiriki katika faida. Mtu akimshikia mwizi ngazi, kisha akapokea sehemu ya mali, hawezi kusema, "Mimi sikuingia dirishani." Wazee wamesema kwa maneno mawili tu: fedha fedheha.

Na wakubwa wa kampuni, wanaoketi katika baraza na kusoma hesabu za mwaka, wakiona faida hiyo nao wasiseme neno, hiyo ni kunyamaza. Mwaka 2007, Mitt Romney alipotaka kuwa rais wa Marekani, watu wengine walimlaumu kwa sababu zamani alikuwa mmoja wa baraza la kampuni ya hoteli za Marriott, nao wakasema hakuipinga biashara ile. Haimpasi Mkristu kuuhukumu moyo wa mtu. Lakini lawama ile yaonyesha kwamba hata watu wa siasa hujua kwamba kunyamaza kwa mkubwa ni tendo.

Je, kila mfanyakazi wa hoteli amekosa? La. Mwanamke anayetandika vitanda, kijana anayechukua mizigo, mpishi aliye jikoni, hao hawakutaka uovu ule, wala hawakuuchagua, wala hawakuweza kuuzuia. Wanatafuta chakula cha watoto wao. Mwenye kuchagua ndiye mwenye kujibu. Kadiri mtu anavyokuwa na uwezo wa kuzuia, ndivyo hesabu yake inavyokuwa nzito.

Kwa hiyo sababu nne za watetezi zina majibu. Mgeni ni mtu huru, ndiyo. Lakini uhuru wa mgeni haumlazimishi mwenyeji kumwuzia kila kitu. Mgeni hakulazimishwa, ndiyo. Lakini hata nyoka katika bustani hakumlazimisha Eva, alimwonyesha tu tunda na kulisifu. Wageni waliziomba filamu, ndiyo; lakini mlevi naye huomba pombe, na mwenye kumpenda hampi. Mwenye hoteli si mwamuzi wa roho za watu, ndiyo. Lakini ni mwamuzi wa nyumba yake, na nyumba aliyoijaza mwenyewe haiwezi kusemwa kwamba ilijazwa na wageni.

Tena yuko mtu ambaye watetezi hawakumtaja hata mara moja. Ni yule mwanamke aliye ndani ya picha. Mgeni hajui jina lake, wala kama alilia siku ile, wala ni deni gani au mtu gani aliyemsukuma kufika pale. Yeye naye ni binti wa mama fulani, naye aliumbwa kwa sura ya Mungu. Wanaposema, "Hili ni jambo la siri kati ya mgeni na hoteli," wamewahesabu watu wawili, na kumbe walikuwa watatu.

5. Waliokataa faida

Kampuni ya Omni Hotels ilikuwa ya Robert Rowling, mfanyabiashara wa Texas. Mwaka 1999 ilitangaza kwamba itaziondoa filamu za uasherati katika hoteli zake zote. Wakati ule biashara hiyo ilikuwa bado na faida nzuri, wala intaneti ilikuwa haijaipunguza. Omni ilijua kwamba itapoteza fedha, ikakubali kupoteza.

Katika mwezi wa Julai mwaka 2012, wakubwa wa kampuni za hoteli walipokea barua ya watu wawili. Mmoja ni Robert George, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Princeton, Mkatoliki. Wa pili ni Hamza Yusuf, shehe Mwamerika, mmoja wa waanzilishi wa chuo cha Kiislamu cha Zaytuna katika mji wa Berkeley. Barua hiyo ilistaajabisha watu wengi, maana Mkristu na Mwislamu walitia sahihi pamoja. Nao hawakutegemea maandiko ya dini zao. Walisema na akili na dhamiri ya kila mtu mwema: ya kwamba si haki kutafuta faida katika kushushwa heshima kwa mwingine, na kwamba yule mwanamke wa katika picha angeweza kuwa dada au binti wa msomaji wa barua. Wala hawakuomba serikali itoe sheria. Waliomba wenye hoteli watende wema kwa hiari yao.

Mwaka 2013, katika nchi za kaskazini ya Ulaya, Petter Stordalen, Mnorwe mwenye kampuni ya Nordic Choice, aliziondoa filamu hizo katika hoteli zake 171. Yeye hakuanza na fundisho la dini. Alikuwa amesaidia kazi ya UNICEF kwa ajili ya watoto wanaouzwa na kutumiwa kwa uasherati, akaona kwamba haiwezekani kuwasaidia watoto kwa mkono mmoja na kupokea fedha za biashara ya uasherati kwa mkono wa pili. Wengine waliposhangaa, alikumbusha kwamba walishangaa vile vile kampuni yake ilipokataza tumbako hotelini, na baadaye wakazoea.

Mwaka 2015, mwezi wa Agosti, kampuni kubwa ya Hilton ilitangaza kwamba itaacha biashara hiyo katika hoteli zake za ulimwengu wote. Chama kimoja kilikuwa kimeishauri na kuilaumu kwa muda mrefu. Chama hicho kilianzishwa New York mwaka 1962 na Padri Morton Hill, Myesuiti, pamoja na rabi wa Wayahudi na mchungaji wa Kilutheri, kwa sababu vitabu vya uchafu vilikuwa vimeanza kuonekana mikononi mwa watoto wa shule. Kwa miaka mingi kiliitwa Morality in Media. Tangu mwaka 2015 jina lake ni National Center on Sexual Exploitation. Silaha zake zilikuwa barua, maneno na uvumilivu. Tangu kuanzishwa kwake mpaka tangazo la Hilton ilipita miaka 53.

6. Kuacha dhambi, na kuachwa na dhambi

Kampuni ya Marriott nayo ilitangaza mwezi wa Januari mwaka 2011 kwamba hoteli zake mpya hazitakuwa na filamu hizo, na kwamba hoteli za zamani zitaziacha polepole katika miaka iliyofuata. Watu wengi walifurahi. Wengine walitikisa kichwa. Walisema faida ya filamu za kulipia ilikuwa imekwisha kupungua sana, maana wageni walikuja na mashine zao wenyewe na kutazama walilotaka kwa intaneti. Kampuni yenyewe haikuficha kwamba mabadiliko ya vyombo yalikuwa yameipunguza faida hiyo. Na kweli, mwezi wa Januari mwaka 2013, LodgeNet, ile kampuni iliyoleta mashine hotelini, iliomba ulinzi wa mahakama kwa sababu ilishindwa kulipa madeni yake.

Basi watu wakauliza: je, hoteli ziliacha uovu, ama uovu uliziacha?

Swali hilo ni zuri sana kwa mkatekumeni anayejitayarisha kwa Ubatizo, na kwa Mkristu anayekwenda kuungama. Kanisa hufundisha kwamba kuna majuto kamili na majuto yasiyo kamili. Majuto kamili ni ya mtu anayeichukia dhambi kwa sababu inamchukiza Mungu aliye mwema na anayestahili kupendwa. Majuto yasiyo kamili ni ya mtu anayeichukia dhambi kwa sababu ya ubaya wake au kwa kuogopa adhabu. Majuto ya pili ni madogo, walakini ni zawadi ya Mungu pia, nayo yanamtayarisha mtu kupokea msamaha katika sakramenti.

Lakini kuna hali ya tatu isiyo majuto kabisa. Ni ya mtu aliyeacha kwa sababu haimfai tena. Mzee aliyeacha ugomvi kwa sababu mkono wake umekosa nguvu, na moyoni angali anapiga watu, huyo hajatubu. Mwizi aliyeacha kuiba ng'ombe kwa sababu ng'ombe wamekwisha, huyo hajatubu. Mungu peke yake ajua kila kampuni na kila mkubwa alikuwa katika hali gani, na si kazi ya mtu yeyote kuwapangia mahali pao. Hata hivyo tofauti yaonekana wazi kati ya aliyekataa fedha zilipokuwa nyingi na aliyekataa zilipokuwa chache. Heri anayeiacha dhambi kabla dhambi haijamwacha.

Na hata hao wa mwisho wasidharauliwe. Mlango wa uovu ukifungwa, umefungwa. Mgeni aliyechoka anayelala leo katika chumba kisicho na orodha ile amepata faida, hata kama mwenye hoteli hakuwa na nia safi. Mungu aweza kulitumia hata tendo dogo la wanadamu.

7. Sanduku limehama

Sasa mtu aweza kusema: "Vita vimekwisha. Hoteli nyingi kubwa zimeacha." Lakini sababu iliyozipunguzia faida ndiyo inayoonyesha kwamba vita havijaisha. Picha zile hazikufa. Zilihama tu. Zilitoka katika sanduku la televisheni chumbani mwa mgeni, zikaingia katika simu iliyo mfukoni mwa kijana.

Zamani ilimpasa mtu asafiri, alipe chumba, alipe filamu. Sasa picha zile zamfuata mpaka shambani na kisimani, popote simu inaposhika. Zamani alikuwako mwenye hoteli wa kulaumiwa na kuandikiwa barua. Sasa mwenye simu ndiye mwenye nyumba, na yeye mwenyewe ndiye mgeni. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kwa hiyo njia zile tisa za kushiriki zimekuja kijijini. Kijana anayempelekea rafiki yake picha ya uasherati amefanya kazi ya ile kampuni ya mashine. Mtu anayemwazima mwenzake simu akijua anachotaka kutazama, amefanya kazi ya mwenye hoteli. Mwenye duka anayejaza simu za wateja picha hizo na kupokea fedha, amefanya kazi ya wote wawili. Na wanaocheka pamoja wakimzunguka mwenye simu wamesifu. Bwana Yesu alisema maneno mazito juu ya mtu anayemkosesha mmoja wa wadogo: ya kwamba ni afadhali afungiwe jiwe la kusagia shingoni na kutoswa baharini.

Kanisa halikunyamaza juu ya mambo haya. Mwaka 1957 Papa Pio wa Kumi na Mbili aliandika barua juu ya sinema, radio na televisheni, akavisifu vyombo hivyo kama vipawa vya akili iliyotoka kwa Mungu, akaonya pia juu ya hatari zake. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha juu ya wajibu wa wanaotengeneza na wa wanaotazama. Mwaka 1989 Baraza la Kipapa la mawasiliano lilitoa barua juu ya picha za uasherati. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 yasema kwamba ni kosa zito, nayo inawataja waziwazi wote wanaodhurika heshima yao: wanaochezwa katika picha, wanaouza, na wanaotazama.

Basi simu si dhambi, kama televisheni ya hotelini haikuwa dhambi. Kwa simu mama hupata habari za mwanawe aliye mbali, na mgonjwa huitiwa msaada. Lakini wazee walisema kwamba macho hayana pazia. Neno hilo ni kweli. Jicho likiwa wazi huona kila linalopita. Ndiyo maana Ayubu, mtu mwenye haki, alifanya agano na macho yake, yasimtazame msichana kwa tamaa. Pazia ambalo jicho halina, moyo unaweza kulifuma. Na Bwana Yesu alifundisha mlimani kwamba amtazamaye mwanamke kwa kumtamani amekwisha kuzini naye moyoni. Hakusema hivyo ili awakatishe watu tamaa. Alionyesha mlango wa kwanza ulipo, ili ufungwe pale pale kabla adui hajafika ndani.

Yule aliyekwisha kuanguka asikimbie. Mfalme Daudi alitazama kutoka juu ya nyumba yake, akatamani, akazini, akaua. Nabii Natani alipomwambia kweli, Daudi hakubisha wala hakutaja sababu nne. Alisema kwamba ametenda dhambi. Mungu alimsamehe.

Maswali na majibu

Swali: Amri ya sita na ya tisa zinakataza nini?
Jibu: Zinakataza matendo yote ya uasherati, na pia kutazama, kutamani na kuwaza kwa makusudi mambo ya namna hiyo.

Swali: Je, anayewauzia wengine picha za uasherati ametenda dhambi, hata kama yeye hazitazami?
Jibu: Ndiyo. Anashiriki katika dhambi yao kwa kuwachochea na kwa kupokea faida yake.

Swali: Je, mfanyakazi mdogo katika nyumba yenye biashara hiyo ana kosa lile lile?
Jibu: La, kama hataki uovu ule wala hausaidii kwa makusudi. Lakini akipata njia ya kuepuka au ya kusema neno jema, aitumie.

Swali: Kama serikali haikatazi jambo, je, ni halali mbele ya Mungu?
Jibu: Si lazima. Sheria za wanadamu hazikatazi kila uovu. Amri ya Mungu haibadiliki kwa desturi za watu.

Swali: Mtu aliyeacha dhambi kwa sababu haimfai tena, je, ametubu?
Jibu: Bado. Kutubu ni kuichukia dhambi yenyewe na kukusudia kutoirudia.

Swali: Mwenyeji mwema anampa mgeni wake nini?
Jibu: Anampa chakula, mahali pa kulala, na ulinzi wa mwili na roho.

Azimio la juma hili

Kila mkatekumeni mwenye simu aitazame kama nyumba aliyopewa kuitunza, aondoe humo kila kitu ambacho asingependa mama yake akione. Asiye na simu asisimame kati ya wanaotazama mabaya katika simu ya mwingine. Na mgeni akifika nyumbani wiki hii, apokewe vizuri, apewe maji na mahali pa kulala, aondoke asubuhi akiwa mzima kama alivyokuja.